Robert Borkenstein: Polisi aliyegeuza pumzi ya mlevi kuwa ushahidi

MADEREVA wanaotumia barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kupitia Migori, Awendo na Rongo hadi Kisii, pamoja na wale wanaochepuka pale Rongo kuelekea Homa Bay, wanalijua vyema neno Alcoblow. Wapo waliowahi kusimamishwa usiku, wakamulikwa tochi usoni na kuamriwa kupuliza. Wapo pia waliozima taa za gari na kugeuza njia walipoambiwa kwamba mbele kuna kizuizi.

Hata hivyo, ni wachache mno wanaomjua mtu aliyefanya iwezekane, kwa mara ya kwanza, kwa askari wa kawaida kuisoma pumzi ya dereva na kuipa hesabu inayoweza kusimama mahakamani.

Mtu huyo ni Robert Frank Borkenstein, Mmarekani aliyeanza kazi akiwa fundi wa picha, akawa polisi, na mwishowe akawa mwalimu wa chuo kikuu. Aliaga dunia mnamo Agosti 10, 2002, mjini Bloomington katika jimbo la Indiana, akiwa na umri wa miaka 89.

Maisha yake yana funzo kubwa kwa taifa letu, ambalo limehangaika kwa miaka mingi na swali lililomsumbua yeye: je, nani aamue kwamba mtu amelewa? Jicho la askari, au kipimo? Na ikiwa ni kipimo, kiundwe vipi ili mtu mnyofu asionewe, mkosaji asiponyoke, na yeyote asiondoke na maradhi aliyoyapata kwa kupuliza?

Fundi wa picha katika maabara ya polisi

Borkenstein alizaliwa Agosti 31, 1912 katika mji wa Fort Wayne, jimboni Indiana. Alihitimu shule ya sekondari wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeporomoka, na kama vijana wengi wa rika lake, hakuwa na karo ya kuendelea na masomo ya juu. Alijitafutia riziki katika kazi ya upigaji na usafishaji wa picha.

Kazi hiyo, ambayo wengine wangeiona kuwa ya kujikimu tu, ndiyo iliyomfunza mambo mawili yaliyokuja kumfaa baadaye. La kwanza ni namna kemikali zinavyobadili rangi. La pili ni namna mwanga unavyoweza kupimwa.

Mnamo 1936 alijiunga na polisi wa jimbo la Indiana, akawekwa katika maabara yao ya uchunguzi wa jinai. Huko alishughulikia picha za ushahidi na hata mashine ya kubaini uongo. Alipanda ngazi hadi akawa msimamizi wa maabara hiyo na kupata cheo cha kapteni.

Katika miaka hiyo, magari yalikuwa yameongezeka mno katika barabara za Marekani, na ajali zilizotokana na ulevi zilikuwa zimekithiri. Askari aliyemshuku dereva alikuwa na silaha chache tu: kunusa, kutazama macho, na kumwamuru atembee juu ya mstari. Dereva alipofikishwa mahakamani, ilikuwa neno la askari dhidi ya neno la mshtakiwa. Mwenye jina, mali au wakili hodari aliachiliwa. Mnyonge alifungwa, wakati mwingine ilhali hakuwa amelewa bali alikuwa mgonjwa au mchovu.

Puto la Profesa Harger

Borkenstein hakuwa wa kwanza kuwaza kuhusu pumzi. Katika jimbo lilo hilo alikuwapo Profesa Rolla Harger, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Indiana. Katika miaka ya 1930 Harger aliunda kifaa alichokiita Drunkometer.

Mshukiwa alipuliza ndani ya puto. Pumzi hiyo kisha ilipitishwa katika kemikali ya rangi ya zambarau, ambayo rangi yake ilififia ikiwa pumzi ilikuwa na kileo. Mnamo 1939, Indiana ikawa jimbo la kwanza nchini humo kutunga sheria iliyotaja kiwango cha kileo mwilini. Kiwango kilichowekwa kilikuwa miligramu 150 katika kila mililita 100 za damu, kiasi ambacho leo tungekiona kuwa kikubwa kupindukia.

Borkenstein alishirikiana kwa karibu na Harger, na kazi hiyo ikampa nafasi ya kuziona dosari za kifaa hicho. Kilikuwa na vipande vingi na kiliendeshwa vyema na aliyefunzwa kemia. Isitoshe, aliyekitumia alilazimika kukadiria kwa macho yake mwenyewe wakati ambapo rangi imefifia vya kutosha. Kwa maneno mengine, jicho la mwanadamu lilikuwa limetolewa usoni mwa mshukiwa na kuhamishiwa kwenye chupa, lakini bado lilikuwa jicho.

Sanduku la mwaka wa 1954

Mnamo 1954, Borkenstein aliunda kifaa alichokipa jina la Breathalyzer. Aliomba hataza mwaka huo na kuipata mnamo 1958. Ubora wa kifaa hicho ulitokana na jinsi kila sehemu yake ilivyojibu shaka fulani ambayo wakili angeweza kuizusha mahakamani.

Shaka ya kwanza ilihusu pumzi yenyewe. Hewa ya kwanza mtu anapopuliza hutoka kinywani na kooni, na haielezi mengi kuhusu damu. Hewa ya mwisho hutoka kwenye vina vya mapafu, mahali ambapo damu na hewa hukaribiana na kileo huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo Borkenstein alitengeneza silinda yenye pistoni iliyoiacha hewa ya mwanzo ipite na kutoka, kisha ikaibakiza ile ya mwisho peke yake, kwa ujazo uleule kila mara. Silinda hiyo ilipashwa moto ili mvuke usigeuke kuwa matone na kukinyang'anya kipimo sehemu ya kileo.

Shaka ya pili ilihusu rangi. Pumzi ilipitishwa katika kichupa chenye asidi ya salfuriki na potasiamu daikromati, kemikali ya rangi ya manjano. Kileo kikikutana na mchanganyiko huo, manjano hupungua na kijani kikaanza kujitokeza. Badala ya kumwachia askari akadirie kwa macho, fundi huyu wa zamani wa picha aliweka taa kati ya vichupa viwili: kimoja kilichopokea pumzi, na kingine kilichobaki kimefungwa kama cha kulinganishia. Tofauti ya mwanga uliopenya ilipimwa na mtambo, na mshale ukaonyesha tarakimu.

Shaka ya tatu ilikuwa ya hesabu. Ili kutoka kwenye pumzi hadi kwenye damu, Borkenstein na wenzake walitumia uwiano wa 2,100 kwa 1. Yaani, mililita 2,100 za hewa ya mapafuni zilichukuliwa kuwa na kileo sawa na kilichomo katika mililita moja ya damu. Watu hawalingani, na kwa wengi uwiano halisi huwa juu kidogo ya huo. Hivyo basi kipimo kilipokosea, aghalabu kilikosea kwa kumpendelea dereva. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi, kwani chombo cha sheria kisichompa mshtakiwa nafasi ya shaka hugeuka kuwa chombo cha dhuluma.

Kifaa hicho kilitosha ndani ya sanduku la kubebeka, na askari wa kawaida aliweza kufunzwa kukitumia kwa muda mfupi. Kampuni ya Stephenson ya New Jersey ndiyo iliyokiunda na kukiuza. Kabla ya miaka mingi kupita, jina Breathalyzer lilikuwa limekuwa la jumla, likitumika kwa kifaa chochote cha aina hiyo, hata kisichokuwa na uhusiano wowote na Borkenstein.

Hesabu za Grand Rapids

Mnamo 1958 Borkenstein alistaafu kutoka kwa polisi. Mwaka uo huo, akiwa mtu mzima wa miaka 46, alipata shahada yake katika Chuo Kikuu cha Indiana na kukabidhiwa uongozi wa idara ya masomo ya usimamizi wa polisi chuoni humo. Yule kijana aliyekosa karo sasa alikuwa akiwafunza wengine.

Vilevile alianzisha kozi ya wasimamizi wa upimaji wa kileo, ambayo imeendelea kufunzwa kwa miongo kadhaa na ambayo sasa inabeba jina lake. Alifahamu kwamba mtambo bora mikononi mwa mtu asiyefunzwa hauna tofauti na saa iliyosimama.

Hata hivyo, swali moja lilikuwa limebaki. Kifaa kingeweza kuonyesha kiasi cha kileo mwilini, lakini ni kiasi gani hasa ambacho ni hatari? Kati ya 1962 na 1963, Borkenstein aliongoza utafiti mkubwa katika mji wa Grand Rapids, jimboni Michigan. Karibu madereva 6,000 waliohusika katika ajali walipimwa. Kisha madereva wengine zaidi ya 7,500, ambao hawakuwa na ajali yoyote, walisimamishwa katika barabara za mji huo na kuombwa wapulize ili kuwe na ulinganisho.

Matokeo yalichapishwa mnamo 1964. Yalibainisha kwamba hatari ya dereva kusababisha ajali huongezeka maradufu kileo kinapofika takriban miligramu 60 katika mililita 100 za damu. Kwa miligramu 100, hatari huwa mara sita au saba. Kwa miligramu 150, kile kiwango ambacho sheria ya Indiana ya 1939 ilikiweka kuwa mpaka, hatari hufika mara 25.

Ni takwimu hizo zilizoyapa mabunge ya mataifa mengi ujasiri wa kushusha viwango. Uingereza ilipopitisha sheria yake ya usalama barabarani mnamo 1967, waziri wa uchukuzi akiwa Bi Barbara Castle, iliweka kiwango cha miligramu 80. Nchi nyingine zilifuata, baadhi zikashuka hadi 50.

Mtoto wa Kendu Bay

Katika muda uo huo ambapo madereva wa Grand Rapids walikuwa wakipuliza, kijana mmoja kutoka eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay alikuwa amejiunga na Chuo Kikuu cha Harvard kusomea uchumi. Alikuwa Barack Obama Senior, aliyezaliwa karibu na Kendu Bay, na ambaye mwanawe alikuja kuwa Rais wa Marekani mnamo 2009.

Obama Senior alirejea nyumbani akiwa na kipaji na matumaini makubwa. Mwanawe, katika kitabu cha kumbukumbu alichokichapisha mnamo 1995, alieleza bila kuficha jinsi ulevi ulivyochangia kuyaharibu maisha ya baba huyo. Aliumia vibaya katika ajali za barabarani, na mnamo Novemba 1982 akafariki katika ajali ya gari jijini Nairobi. Hakuwa amefikisha umri wa miaka 50.

Kisa hicho kinatajwa hapa kwa sababu kinajulikana kote duniani, wala si kwa nia ya kumsimanga marehemu. Katika Kenya ya wakati huo, msomi mwenye sauti nzito na cheo serikalini alipoingia garini usiku, hakukuwa na chombo cha kumwambia yeye mwenyewe, rafiki zake au askari kwamba amevuka mpaka. Lilikuwapo jicho tu, na jicho huona haya mbele ya mkubwa. Familia ngapi za Rachuonyo, Ndhiwa, Suna na Kuria zimewazika watu wao kwa njia hiyo bila majina yao kuingia katika kitabu chochote?

Sheria moja, mwaka mmoja

Kuna sadfa ambayo wengi hawajaitambua. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika Januari 1, 1954, mwaka uleule ambao Borkenstein aliunda sanduku lake. Sheria hiyo, katika kifungu chake cha 44, inamtia hatiani dereva ambaye ulevi umemfanya ashindwe kulidhibiti gari ipasavyo. Kigezo ni hali ya mtu. Hakikutaja tarakimu.

Kwa hiyo mambo mawili yalizaliwa pamoja, bara na bara: huku sheria inayotegemea jicho, kule kifaa kinacholiondoa jicho. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya viwili hivyo kukutana.

Kanuni za kupima pumzi za mwaka 2011 ziliweka viwango vya maikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu, viwango vilevile vinavyotumika Uingereza. Mnamo Desemba 2013, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, pamoja na polisi walianza kuvitumia vifaa vya Alcoblow barabarani. Wenye baa walilalamika kwamba biashara imeanguka. Madereva wengi nao wakaanza kuacha magari nyumbani.

Kesi iliwasilishwa mahakamani. Mnamo Aprili 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni hizo zilikuwa zimekwenda kinyume na sheria mama. Kanuni zilisema kosa ni kuvuka tarakimu. Sheria ilisema kosa ni kushindwa kulidhibiti gari. Kanuni haiwezi kuunda kosa ambalo sheria yenyewe haikuliunda. Katika miaka iliyofuata shughuli ya kupima ilirejea, lakini funzo lilikuwa limetolewa.

Borkenstein angelielewa funzo hilo upesi. Yeye alianzia kwenye kifaa, akaenda kwenye mafunzo ya wanaokitumia, akafika kwenye utafiti wa hatari, na mwishowe akayaweka matokeo mbele ya watunga sheria. Sisi tulianzia kwenye kifaa, tukaishia papo hapo.

Usafi na uaminifu

Kifaa cha Borkenstein hakikukosa kasoro. Kemikali zake ziliweza kuathiriwa na vitu vingine visivyo pombe ya kunywa. Mnamo 1982 kampuni ya Smith & Wesson, iliyokuwa imechukua biashara hiyo, ilitoa onyo kwamba mawimbi ya redio, zikiwemo redio za polisi wenyewe, yangeweza kuvuruga vipimo. Mshukiwa aliyetoka kunywa muda huohuo, au aliyecheua, angebaki na kileo kinywani na kuonyesha kiasi kikubwa kuliko kilichomo mwilini. Ndiyo maana utaratibu wa haki humtaka askari amngoje na kumtazama mshukiwa kwa muda wa dakika 15 kabla ya kipimo cha ushahidi.

Vizazi vilivyofuata vya vifaa vimejaribu kuziba mianya hiyo. Baadhi hutumia miale ya infraredi, ambayo humezwa na kileo kinachopita mbele yake. Vingine vina kidude kinachogeuza kileo kuwa umeme mdogo. Kadiri kileo kinavyozidi ndivyo umeme unavyoongezeka. Teknolojia hiyo ya pili ndiyo iliyofanikisha vifaa vya kushikwa mkononi, na kampuni ya Lion Laboratories ya Wales, iliyoanzishwa mnamo 1967, ilitangulia katika uwanja huo. Alcoblow ni mojawapo ya bidhaa zake.

Suala la usafi nalo si dogo hata kidogo, hasa kwetu. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti ambazo zimebeba mzigo mkubwa wa virusi vya ukimwi, na kifua kikuu huandamana na maradhi hayo. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Dereva anayeona mrija uliotoka kinywani mwa mwenzake ukielekezwa kwake ana haki ya kuukataa, na hofu yake si ya kijinga.

Wabunifu wamelijibu tatizo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mrija unaotumiwa na mtu mmoja pekee kisha ukatupwa, wenye vali inayozuia hewa kurudi kinywani na mahali pa kunasia mate. Njia ya pili ni kifaa chenye mdomo mpana mfano wa faneli, ambacho mtu hupulizia kwa mbali bila kukigusa. Alcoblow ni ya aina hii ya pili.

Kila njia ina gharama yake. Mrija wa kutupwa hunasa pumzi ya ndani ya mapafu na kutoa kipimo sahihi zaidi, lakini unahitaji bajeti isiyokatika. Mirija ikiisha, kishawishi cha kuurudia uliotumika huwa kikubwa. Faneli haihitaji mrija, lakini pumzi huchanganyika na hewa ya nje, na kwa hiyo inafaa kwa kuchuja tu: huyu aende, huyu apelekwe kupimwa kwa mtambo kamili. Anayeichukua taa nyekundu ya faneli na kuifanya hukumu anakosea. Janga la Covid-19 lilipozuka mnamo 2020, polisi katika mataifa mengi walilazimika kuufikiria upya upimaji wa barabarani, na thamani ya vifaa visivyoguswa ikaonekana dhahiri.

Zaidi ya hayo, hakuna kifaa kinachobaki sahihi milele. Sharti kipelekwe mara kwa mara kulinganishwa na hewa au mvuke wenye kiasi cha kileo kinachojulikana, na rekodi ihifadhiwe. Mshtakiwa akiiomba rekodi hiyo mahakamani na ikakosekana, tarakimu yote huporomoka.

Na katika maeneo yetu lipo jambo jingine. Chang'aa iliyotiwa methanoli inaweza kukifanya kifaa kionyeshe ulevi bila kutambua kwamba aliyesimama pale amekunywa sumu. Askari anapomwona mtu anayelalamika kwamba haoni vizuri, mahali pake ni hospitalini kabla ya seli.

Mlevi, mtembezi na abiria

Wengi hudhani kwamba mtu aliyeunda kifaa kama hicho alikuwa adui wa pombe. La hasha. Borkenstein hakuwa mhubiri wa kuacha vileo, na utafiti wake wa Grand Rapids uligharamiwa kwa sehemu na watengenezaji wa vinywaji hivyo. Alishikilia kwamba mtu mzima anayejua kiasi chake anaweza kunywa na jamii ikaendelea kuwa salama. Kwake, kifaa kilimpa mnywaji uhuru wenye mpaka unaojulikana.

Kwa kuiamini fikra hiyo, aliunda pia mashine ya kuwekwa ndani ya baa. Mnywaji alitumbukiza sarafu na kupuliza kupitia mrija mwembamba wa kunywea soda. Mashine ikamshauri kulingana na hali yake: ama aendeshe kwa uangalifu, ama atembee kwa miguu, ama awe abiria wa mwingine. Msomaji aone jinsi mrija huo wa bei rahisi ulivyolimaliza suala la usafi, na jinsi kipimo kilivyohamishwa kutoka barabarani, ambako huadhibu, hadi mezani, ambako huonya.

Borkenstein aliendelea kufunza na kushauri hadi uzeeni. Alitunukiwa shahada za heshima, na polisi wa mataifa mengi walipitia mikononi mwa wanafunzi wake. Alipofariki mnamo 2002, kifaa chake cha kemikali kilikuwa tayari kimepitwa na vile vya kielektroniki, lakini misingi aliyoiweka ilibaki: chukua pumzi ya ndani, ipime bila kutegemea jicho, mpe mshukiwa nafasi ya shaka, mfunze anayepima.

Misingi hiyo minne ndiyo inayopaswa kuulizwa kila mara kizuizi kinapowekwa pale Rongo au penginepo. Je, kifaa hiki kililinganishwa lini? Mrija huu ni mpya? Aliyeushika amefunzwa? Na sheria inayosimama nyuma yake inasema nini?

Askari mwenye majibu ya maswali hayo hana haja ya kupaza sauti, na dereva hana njia ya kumhonga, kwani tarakimu haina mkono wa kupokea. Asiyekuwa nayo amebeba kidude chenye taa tu, na anayedhurika ni yule mama anayevuka barabara Awendo alfajiri akiwa na kapu kichwani, asijue kama gari linalokuja linaendeshwa na mtu mwenye akili timamu.